Karakana ya Wasomaji: Kibweta chenye komeo la siri

Barua za safari hii zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinauliza habari ya kibweta cha mapambo kisicho na kitasa wala tundu la ufunguo, ambacho mgeni atakigeuza na kukigeuza asipate pa kushika. Tumeanza na barua inayotaka vipimo, kwa sababu majibu mengine yote yanarejea humo.

Shikamoo mafundi. Nina mwaka wa pili najifunza useremala hapa Pasua, Moshi. Nataka kutengeneza kibweta cha zawadi ya harusi chenye komeo la kuteleza lililofichwa. Sina mashine. Nina msumeno, randa, patasi za mm 6 na mm 10, na drili ya mkono. Nianzie wapi?

Marahaba. Vifaa hivyo vinatosha. Anza kwa kuchagua mahali pa kuficha komeo, maana hilo ndilo litakalopanga vipimo vyote. Tunakushauri ulifiche kwenye pambo: kuta mbili fupi za kibweta zivalishwe vipapi, yaani vibao vyembamba, vitano vitano vya mpingo vilivyosimama wima. Tisa vimegandishwa. Kimoja, cha kwanza upande wa mbele katika ukuta wa kulia, ndicho komeo. Usipambe ukuta mmoja tu, maana mtu ataanzia palepale.

Kibweta kiwe na urefu wa mm 240, upana mm 160 na kimo mm 90. Kuta ndefu, ya mbele na ya nyuma, ni mm 240 kwa 90, unene mm 12. Kuta fupi zinaingia katikati yake, unene mm 15, urefu mm 136. Ya kushoto ina kimo cha mm 90, ila ya kulia ni mm 78, kwa kuwa mfuniko unatoka kwa kupita juu yake. Nyuzi za mbao katika kuta zote nne zilale, zisisimame. Sharti hili tutalirudia mbele, maana kuna msomaji limemgharimu.

Mfuniko unateleza ndani ya mifuo, au gruvu kama mafundi wengi wanavyoita. Chora mfuo wenye kimo cha mm 6 na kina cha mm 5 ndani ya kuta ndefu, ukianzia mm 6 kutoka ukingo wa juu. Upande wa kushoto uishie mm 10 kabla ya mwisho wa ubao, usije ukaonekana nje. Ukuta mfupi wa kushoto nao upate mfuo huohuo kwa ndani. Mfuniko wenyewe ni ubao wa mm 234 kwa 144, unene mm 12. Punguza kingo zake tatu kutoka juu, upana mm 5, zibaki ndimi zenye unene wa mm 5.5. Ukipima utaona umebakiwa na mm 1 ya hewa kila upande. Usiizibe kwa kuona kazi imelegea. Upande wa kulia hauna ulimi: mfuniko utatokeza nje ya ukuta kwa mm 4 na kufunika vichwa vya vipapi.

Sasa vipapi. Kila kimoja kina upana wa mm 12 na unene wa mm 8: mm 5 zinazama ukutani na mm 3 zinabaki nje za kushikwa kwa kidole na gumba. Gawa ukuta uwe na nafasi sawa sita, mm 12 na ushee kila moja. Kata mbavu za kila mfuo kwa msumeno hadi kina cha mm 5, ukiegemeza msumeno kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, kisha toa katikati kwa patasi ya mm 10. Kwa kuwa unakata kukingama nyuzi, mfuo unatoka safi. Vipapi vinne vya kulia ni mm 78, vitano vya kushoto ni mm 90, na komeo ni mm 84. Zile mm 6 za ziada ndizo zitakazopanda ndani ya mfuniko.

Kipapi cha komeo kiwe na upana wa mm 11.6, kipite bila kusukumwa wala kuchezacheza. Kichwa chake kipunguze kwa mbele na mbavuni, kibaki ulimi wa mm 10 kwa 4 unaoanzia upande wa ndani. Ukikiacha kizima, tundu lake katika mfuniko litaacha mm 1 tu ya mbao ukingoni, nayo itabanduka kabla hujamaliza msasa.

Kinachozuia kipapi kisidondoke nje ni skrubu inayotoka ndani ya kibweta. Toboa mwanya wima katikati ya mfuo wa komeo, upana mm 3.5, kuanzia mm 18 hadi mm 30 kutoka ukingo wa juu wa ukuta. Kwa ndani, chimba kitanda cha kina cha mm 4, upana mm 9 na urefu mm 18, ili kichwa cha skrubu na washa yake vizame. Tumia skrubu ya shaba ya mm 3 yenye urefu wa mm 12. Itauma mpingo kwa mm 5, nayo inatosha. Usithubutu kuikaza kwenye mpingo mkavu bila kutoboa kwanza kwa kijiti cha drili cha mm 2.5: ama kipapi kinapasuka, ama skrubu ya shaba inakatika shingo na kubaki humo. Pitisha kwanza skrubu ya chuma ya kipimo hichohicho, itoe, ndipo utie ya shaba.

Kwa nini skrubu iwe juu karibu na mfuniko, wakati macho yanataka iwe katikati? Mtu anayelazimisha mfuniko huuvuta nje. Mfuniko unasukuma ncha ya komeo kwenda nje, na kama skrubu iko mbali, kipapi kinageuka mtaimbo kinachojing'oa chenyewe. Ikiwa mm 20 tu kutoka ukingoni, hakipati mkono wa kutosha.

Kipapi kikishushwa mm 8 kinafungua. Kwa hiyo kibweta kiwekewe miguu minne ya mm 12, kipapi kipate pa kushukia. Na ili kisishuke chenyewe, weka sumaku mbili ndogo za kipenyo cha mm 6 na unene wa mm 2: moja mgongoni mwa kipapi, nyingine kwenye sakafu ya mfuo, yapata mm 45 kutoka juu, zikitazamana kwa pande zinazovutana. Zizamishe kidogo, zisikwaruzane, uzigandishe kwa epoksi. Ile ya ukutani ikae mm 1 juu zaidi ya mwenzake, ndipo itakuwa inakivuta kipapi kwenda juu wakati wote. Sumaku za namna hii hutoka kwenye spika za masikioni zilizokufa, na mafundi simu wanazitupa. Ukizikosa, ubapa wa mwanzi uliochongwa hadi kukaribia mm 1 na kupindwa kidogo ndani ya mfuo unafanya kazi ya springi, ingawa baada ya miaka michache unachoka.

Tundu la mfuniko usilipime kwa rula. Unganisha kuta bila gundi, funga mfuniko hadi mwisho, paka rangi ya mdomo kwenye ncha ya komeo, kisha sukuma juu. Pale palipoachwa alama ndipo pa kuchimba, kina mm 7, na ongeza mm 1 upande wa ndani ili komeo lisiumwe.

Gundi ndiyo ya mwisho. Mpingo una mafuta, hivyo pangusa sehemu ya kugandisha kwa spiriti kabla ya kupaka. Vile vipapi tisa usivipake urefu wote. Paka sm 3 tu, usawa uleule wa skrubu. Ukuta utapanda na kushuka kimo kwa majira, lakini kipapi, ambacho nyuzi zake zimesimama, hakirefuki wala kufupika kwa kiasi cha kuonekana. Ukikigandisha chote kitabanduka au kitapasua ukuta. Na vikishikwa vyote kwa usawa mmoja na komeo, masika vitaonekana vifupi kidogo kwa chini vyote kwa pamoja. Kikifupika kimoja tu, siri imeshatangazwa.

Kona zishike kwa gundi na vijiti vitatu vya mwanzi vya mm 4 kila moja, kwa sababu kichwa cha ubao hakishiki gundi vizuri. Sakafu ni plaiwudi ya mm 4 iliyoegeshwa juu ya vipapi vidogo vya mm 6 vilivyogandishwa ndani. Skrubu ifunike kwa kadibodi iliyovishwa kitambaa, ukiishika kwa tepu ya pande mbili, maana iko siku utataka kuifikia.

Habari za kazi. Mimi ni fundi wa Ngarenaro, Arusha. Februari nilitengeneza kibweta cha namna hii kwa mbao za mgrevilea. Kilifunguka vizuri sana. Aprili mfuniko hautoki, na kona mbili zimefunguka nyufa. Nimekosea wapi?

Umekosea mara mbili, na mvua imekuonyesha zote. Ubao hunenepa kukingama nyuzi na karibu haurefuki kabisa kufuata nyuzi. Mfuniko wa upana wa sm 14 uliotoshelezwa barabara katika jua la Februari utaongezeka milimita nzima au zaidi masika yakishika, kutegemea aina ya mbao. Hukuuachia hewa, ukakaba. Hilo ni kosa la kwanza.

Nyufa za kona zinatuambia kuta zako fupi zina nyuzi zilizosimama. Tunajua kishawishi chake: michirizi ya ukuta ifuatane na vipapi, ipendeze. Ila ukuta wa hivyo haupandi kimo kwa majira, na mbele na nyuma umegandishwa kwa kuta ndefu ambazo kimo chake hupanda. Hapo kona zinavutana hadi gundi inaachia. Kuta hizo hazitibiki kwa kujaza unga wa mbao na gundi, kwa kuwa kiangazi nyufa zitajifunga na ule ujazo utasukuma upande mwingine. Badilisha kuta mbili tu, kuta ndefu na mfuniko utavitumia tena.

Mfuniko usiurande sasa. Ukiuranda Aprili mpaka uteleze, Septemba utakuwa unagonga ndani kama jino bovu. Gonga polepole kile kipande kilichotokeza ukitanguliza kigogo cha mbao laini, utoe, uegeshe mahali pakavu penye hewa wiki mbili tatu, ndipo upime na kuondoa kwa kiasi cha kubakiza mm 1 kila upande. Na usiukaushe juani: utapinda kama ganda la mgomba, kisha hakuna randa itakayourudisha.

Mgrevilea si mbao mbaya. Ipo tele mashambani mwa kahawa na migomba huku kwetu, na madoa yake yakipigwa randa kali yanang'aa. Tatizo ni kwamba mara nyingi tunauziwa mbichi. Usiamini ubao kwa kuugonga na kusikiliza. Kata kipande, kipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi na uandike. Uzito ukikaa palepale wiki tatu mfululizo, ubao umezoea hewa ya karakana yako. Kwa ubao wa inchi moja uliopangwa kivulini wenye vijiti katikati, hesabu karibu mwaka. Mninga mkavu hutikisika kidogo sana kuliko mgrevilea, ndiyo maana kwa kazi ya kuteleza tunaupa nafasi ya kwanza, ingawa bei yake mnaijua.

Jambo moja zaidi kama kibweta kitapelekwa Dar es Salaam au Tanga: hewa ya pwani ina unyevu kuliko ya huku juu. Ongeza nusu milimita kila upande wa mfuniko tangu mwanzo.

Nina duka la vinyago na zawadi Arusha mjini. Wateja wanafurahia vibweta hivi, lakini watoto wanavifungua kwa dakika moja kwa kugusagusa kila kipapi. Je, inawezekana kuongeza siri ya pili?

Inawezekana, dada, na hii ndiyo sehemu tamu ya kazi. Wajapani wa Hakone wana vibweta vinavyotaka misogezo kumi na zaidi kwa mpangilio, na makasha ya Zanzibar yana saraka zilizofichwa ndani. Siri moja ya ziada inatosha duka lako: pini inayoanguka kwa uzito wake.

Mwambie fundi wako afanye hivi kabla ya kugandisha kuta. Akiwa na ukuta wa kulia mkononi, atoboe kutoka ukingo wake wa mbele hadi ndani ya mfuo wa komeo, kwa kijiti cha mm 3, tundu likishuka kuelekea kwenye mfuo kwa mwinamo wa nyuzi 30. Liwe mm 3 ndani kutoka uso wa nje. Kisha aweke kipapi mahali pake kikiwa kimefungwa na kuendeleza tundu lilelile mm 4 ndani ya ubavu wa kipapi. Pini ni kipande cha mm 12 cha waya wa shaba wa kuchomelea wa mm 2.4, ncha zake zikilainishwa kwa msasa. Ukuta wa mbele ukigandishwa, mdomo wa tundu unazibwa milele, kwa hiyo pini iingizwe na kujaribiwa kwanza.

Kibweta kikikaa sawa, pini inateleza na kumng'ang'ania komeo ubavuni. Kukifungua, unakisimamisha kwa uso wake wa mbele, pini inarudi ndani ya tundu, unashusha kipapi, ndipo unakilaza. Mwinamo ukipungua chini ya nyuzi 25 pini haitashuka yenyewe. Ukizidi sana, tundu linatokea mbali kwa chini na pini haitoshi urefu.

Makosa mawili huua kazi hii. La kwanza ni kutumia msumari wa chuma: sumaku ya komeo itaunasa, na kibweta hakitafunguka. Shaba hainaswi. La pili ni gundi ya kona kuvujia ndani ya tundu. Gundi ipakwe kidogo, na eneo la mm 5 kuzunguka mdomo liachwe kavu.

Kuhusu kugusagusa, angalia vibweta vyako vya zamani dukani. Bila shaka kipapi kimoja kinang'aa kuliko wenzake kwa mafuta ya vidole, na mtoto huona hilo kabla ya mtu mzima. Kila mwezi pangusa vipapi vyote kumi kwa nta ya nyuki, tena vile tisa ndivyo uvisugue zaidi.

Je, mtalii anaruhusiwa kupanda ndege KIA na kibweta chenye mpingo?

Mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Kiambatisho cha II, tangu Januari 2017, yaani kuuvusha mpaka kunataka kibali. Hata hivyo tangu Novemba 2019 bidhaa zilizokamilika zimesamehewa kibali hicho iwapo mbao hiyo haizidi kilo 10 katika mzigo mmoja, na vipapi kumi vya kibweta havifiki hata robo kilo. Mpe mteja risiti yenye kutaja bidhaa. Vipande vighafi vya mpingo ni habari nyingine, asichukue. Kwa fundi, masalia ya wachonga vinyago yanatosha kabisa, ila avae barakoa: vumbi la mpingo linawasha ngozi na kuchokoza pua, na la mninga linabana kifua kwa baadhi ya watu.

Nitunze hati ya shamba na fedha ndani ya kibweta hiki? Mstaafu, Machame.

Shikamoo mzee. Hapana. Komeo hili linamzuia anayetaka kujua, halimzuii anayetaka kuiba, ambaye atakibeba kibweta chote. Hati ipeleke penye kufuli la chuma. Humu weka pete, barua na picha.

Niliweka vanishi hadi ndani ya mifuo ili iteleze. Sasa kipapi cha komeo kimeganda kabisa, na ndani kuna cheti cha ndoa cha wateja. Nivunje? Fundi, Majengo, Moshi.

Usivunje bado, kaka. Vanishi haitelezeshi. Inanata, hasa kukiwa na joto. Mafuta ya kupikia nayo yanaganda na kukusanya vumbi. Ndani ya mfuo panataka mbao tupu iliyosuguliwa mshumaa.

Kwanza sukuma mfuniko kwa ndani huku mwenzako akivuta kipapi chini. Mara nyingi komeo limebanwa na mkono wa mtu anayevuta mfuniko kabla ya wakati. Likikataa, tumbukiza wembe pembeni mwa kipapi, upande mmoja kisha wa pili, ukikata ule utando wa vanishi kutoka juu hadi chini. Likikataa tena, pindua kibweta, toboa kitako cha kipapi kwa kijiti cha mm 2 hadi kina cha sm 1, kaza skrubu ndogo, ishike kwa koleo na uvute taratibu huku ukigonga ukuta kwa mpini wa patasi. Tundu hilo litobolewe tangu siku ya kwanza kwenye kila kibweta na kuzibwa kwa nta, halionekani kwa sababu linatazama chini.

Kikifunguka, toa kipapi, kwangua vanishi yote mfuoni kwa patasi, sugua msasa namba 240, paka mshumaa, rudisha. Kama skrubu ya ndani imefunikwa kwa kitambaa kilichogandishwa, chana upande mmoja tu wa kitambaa. Utakirudishia kwa tepu.